Siku Trekta Lilipokataa Kukata Kona

Nianze na ukweli ambao hata shoga zangu wa karibu sikuwaambia wakati ule. Mimi na mume wangu tulikuwa na wiki kama tano hatuongei. Sio kwamba tulinuniana, hapana. Tulikuwa tunasalimiana vizuri tu, tunapokezana mtoto, tunaulizana nani atapitia dukani kuchukua maziwa. Basi. Hakuna aliyepiga kelele, hakuna sahani iliyovunjika, ila nyumba ilikuwa imepoa kama ugali wa jana. Wale mlio ndani ya ndoa mnanielewa.

Kichwani nilikuwa nimeshatoa hukumu. Ama kuna mwanamke, ama kuna pesa inatumwa nyumbani nisiyoijua. Kwa wanaume wetu si huwa ni moja kati ya hayo mawili? Kumbe wala.

Jibu nililipata Jumamosi moja ya Mei 2023, nimepiga magoti kwenye nyasi, mikono myeusi kwa grisi, nimeshika tairodi ya trekta iliyokatika vipande viwili. Mnivumilie tu, maana stori hii ina spana nyingi kuliko mabusu.

Trekta lililokuja na nyumba

Tunaishi nje kidogo ya jiji la Columbus, jimbo la Ohio, Marekani. Mimi ni mhasibu, mwenzangu ni mtu wa kompyuta. Nyumba tuliyonunua ina kiwanja cha karibu eka moja, na sehemu kubwa ni nyasi tupu. Najua msomaji wangu uliye Sinza au Njiro unajiuliza, kwa nini wasimwite kijana na slesha yake wakamalizana naye? Huku kijana wa slesha hayupo. Kuna kampuni, na bili yake ukiiona unaweza kuzing'oa nyasi kwa meno. Kuziacha ziote nako huwezi. Miji mingi ya huku ina sheria ya urefu wa nyasi: zikivuka kipimo unaletewa barua, ukikaidi wanakuja kuzikata wenyewe halafu gharama inakufuata. Kuanzia Aprili mpaka Oktoba, ukilala wiki mbili umekwisha.

Mzee aliyetuuzia nyumba alituachia trekta lake la bustani. Sio yale makubwa mnayoyaona yakivuta matela ya miwa. Hili ni dogo, unakaa juu yake, chini ya tumbo lina visu vya kukatia nyasi, na baridi ikiingia unaweza kulifunga bamba la kusukumia theluji. Wamarekani walianza kuyapenda hasa baada ya Vita Kuu ya Pili, watu walipohamia pembezoni mwa miji wakajikuta na viwanja vikubwa. International Harvester waliingiza sokoni Cub Cadet mwaka 1961, likitengenezwa Louisville, Kentucky. John Deere wakajibu mwaka 1963 na modeli yao ya 110 kutoka Horicon, Wisconsin, yenye injini ya nguvu za farasi 7. Madogo, lakini yalisukwa kwa chuma cha kweli, ndiyo maana mpaka leo kuna yanayokata nyasi yakiwa na umri wa babu. Letu ni la enzi hizo hizo. Jina la kampuni nalihifadhi, kwa sababu yaliyotupata hayakuwa makosa yao. Yalikuwa makosa ya watu waliolipanda miaka nenda rudi bila kulitia grisi, na sisi tumo.

Baba Junior alilipenda lile trekta, jamani! Kila Jumamosi anavaa kofia, miwani ya jua, muziki masikioni, anakaa pale juu kama mkuu wa mkoa anakagua gwaride.

Jumamosi ile mimi nilikuwa jikoni naosha vyombo. Nikamwona dirishani anakuja moja kwa moja kuelekea tuta langu la sukuma wiki. Sikushtuka, huwa anakata kona pale pale kwenye mti. Safari hii hakukata. Nikaona mikono inazungusha usukani kama konda aliyepewa daladala kwa mara ya kwanza, na trekta linaburuza tu kwenda mbele. Gurudumu la kushoto lilikuwa limegeuka kama alivyotaka. La kulia lilikuwa linaangalia kwake, upande mwingine kabisa. Sukuma wiki niliyoipanda Aprili kwa mkono wangu ikaingia visuni mstari mzima. Ndipo akakumbuka breki. Junior, miaka minne, akapiga makofi. Alidhani baba anacheza.

Tulikuwa na bahati. Pale ni tambarare. Nyuma ya nyumba kuna mteremko unaoishia kwenye mtaro wa maji, na dakika kumi kabla alikuwa huko.

Binti wa fundi

Nikatoka mbio na mikono yenye povu. Nikamwambia azime, atoe ufunguo, halafu nikachomoa waya wa plagi ili injini isije ikajiwasha mtu akiwa na mkono karibu na visu. Akanitazama.

"Umejulia wapi hayo?"

"Wewe ulioa wapi?"

Baba yangu alikuwa na gereji Majengo, Moshi. Matrekta ya mashamba ya miwa ya Arusha Chini, pikapu za wafanyabiashara, hata basi, vyote vilipita pale. Mimi nilikuwa mtoto wa kupokeza spana. Nilijua kutofautisha namba 12 na 13 kabla sijajua kusoma. Nilipoingia kidato cha kwanza mama akakomesha, akisema ni binti gani huyu ananuka dizeli, nani atamwoa. Baba Junior historia hii anaijua, lakini anaijua kama anavyojua kwamba niliwahi kuimba kwaya. Hakuwahi kuniona nimelala chini ya chombo.

Nikalala. Kwa wale wasiojua, mfumo wenyewe sio uchawi. Ukizungusha usukani, chuma chake kinaingia kwenye kiboksi cha gia. Kiboksi kinasukuma mkono mfupi mbele na nyuma. Mkono huo unavuta fimbo ndefu iliyofungwa gurudumu la kushoto, nalo linageuka. Sasa la kulia linajuaje? Linaambiwa na fimbo nyingine, inayopita kwa upana kutoka gurudumu hadi gurudumu. Hiyo ndiyo tairodi. Kwenye ncha za fimbo zote mbili kuna boljointi, yaani chuma chenye kichwa cha mviringo kinachocheza ndani ya kikombe chake, ili magurudumu yapande na kushuka kwenye mabonde bila kupinda fimbo.

Tairodi yetu ilikatika karibu kabisa na boljointi ya kulia. Na pale ilipokatika, chini ya rangi nzuri, palikuwa na uvimbe. Mtu aliwahi kuichomelea zamani, akaipaka rangi, akaendelea na maisha.

"Si rahisi tu?" Baba Junior akasema, amechuchumaa. "Kama ilichomelewa, Jumatatu napeleka inachomelewa tena. Dola kumi, imekwisha."

"Hapana."

"Mama Junior, ni kichuma tu hicho."

"Nampigia baba."

Nikaona uso wake umebadilika, nikadhani ni ubishi wa kiume. Huku ilikuwa saa 5 asubuhi, Moshi saa 12 jioni. Mzee akapokea, yuko barazani, kikombe mkononi. Shikamoo, marahaba, mjukuu wangu yuko wapi, mkwe wangu hajambo? Nikageuza kamera kwenye fimbo iliyokatika. Akakaa kimya, akavua miwani, akavaa tena.

"Nani alichomelea hapo?"

"Tuliikuta hivyo baba."

"Stelingi haichomelewi, mama. Chomelea fremu, chomelea tela, chomelea geti la mchungaji. Stelingi hapana." Akaeleza kwamba moto wa kuchomelea unabadilisha chuma kilicho jirani na pale ulipopita, kinakuwa kigumu lakini hakipindi tena, kinakatika. Siku kikikatika hakikuagi. "Tena hiyo haikukatika yenyewe. Kuna kitu kiliilazimisha. Mkwe wangu yupo hapo?"

"Nipo mzee, shikamoo."

"Marahaba. Hebu chukua kidole chako, kiweke juu ya boljointi ya ile fimbo nyingine, nzima. Nusu juu ya kikombe, nusu juu ya kile chuma kinachoingia ndani. Mke wako azungushe usukani kidogo kidogo, kushoto, kulia. Usitazame. Fumba macho, kidole kitakwambia."

Nikapanda juu, nikazungusha. Baba Junior amelala kwenye nyasi, amefumba macho kama anayeombewa.

"Inaruka," akasema. "Chuma kinatangulia, halafu ndo kikombe kinafuata."

"Umeona! Hiyo nayo imekufa. Sasa nyanyueni mbele, shikeni kila gurudumu muligeuze kwa mkono."

La kushoto liligeuka kwa mkono mmoja. La kulia nilitumia mikono miwili na goti. Yule ndiye mhalifu. Ile nguzo inayobeba gurudumu, wanaita kingpini, ilikuwa imekauka ndani ya bomba lake, na kila tulipokata kona tairodi ilikuwa inalazimika kulivuta gurudumu linalogoma. Tungebadilisha tairodi peke yake, mpya nayo ingekatika.

Mzee akatusomea orodha: tairodi mpya na boljointi zake mbili, boljointi ya ile fimbo ndefu, spiliti pini mpya, grisi. Tukaagana.

Dola sitini

Spea za matrekta haya bado zinapatikana kirahisi, hilo niwasifu Wamarekani. Nikafungua simu pale pale, nikajumlisha. Dola 60 na senti, pamoja na usafiri.

"Ni nyingi," akasema.

Nikamwangalia vizuri. Huyu ni mwanaume ambaye Krismasi iliyopita alinunua viatu vya dola 150 bila kuuliza bei. Huyu akiingia mgahawani analipa meza nzima.

"Dola sitini, Baba Junior?"

"Nimesema ni nyingi. Tuchomelee."

"Ukatike tena kwenye mteremko, na Junior amekaa mapajani kwako? Dola sitini zinakushinda nini?"

Akakaa kimya. Alikuwa ameshika kile kipande cha fimbo, anakigeuza geuza. Junior alikuwa anakusanya majani ya sukuma wiki yaliyokatika, anayapanga kwa ukubwa.

"Sina kazi," akasema.

"Tangu lini?"

"Tangu tarehe nne mwezi wa nne."

Mimi ni mhasibu, hesabu inafanyika kichwani hata nisipotaka. Siku 39. Siku 39 anaamka, anaoga, anavaa, ananibusu shavuni, anabeba laptop, anaondoka. Alikuwa anakwenda maktaba ya mji, anakaa humo anaandika maombi ya kazi mpaka saa za kurudi. Na mimi kila asubuhi namfungia chakula! Wali na maharage, kuku wa jana, nimeweka na kachumbari pembeni. Alikuwa anakula ndani ya gari kwenye maegesho ya maktaba.

Mtaniuliza mhasibu mzima sikuona benki? Kampuni ilimpa malipo ya wiki sita baada ya kumpunguza, yakaingia tarehe zile zile za mshahara. Nikaona namba ninazozijua, nikapita. Zilikuwa zimebaki siku chache ziishe.

Sikupiga kelele. Niliingia ndani nikaagiza spea kwa kadi yangu, nikamaliza vyombo, na usiku nikahamia chumba cha Junior. Naandika hivi kwa sababu nimesoma makala nyingi za mapenzi ambazo mke anasikia ukweli, analia kidogo, wanakumbatiana. Mimi sikulia wala sikumkumbatia mtu. Kukosa kazi sio aibu, mwaka ule watu wengi wa kompyuta huku walipunguzwa. Kilichoniuma ni kontena la chakula.

Na nyasi hazijui kama watu wamegombana. Alhamisi barua ya mji ikafika.

Spana ya inchi

Jumamosi iliyofuata tulirudi chini ya trekta kwa sababu hatukuwa na ujanja mwingine. Spea zimefika, barua imefika. Mtoto tulimpeleka kwa rafiki. Tukasalimiana kama mafundi wawili walioajiriwa na tajiri mmoja.

Tuliweka vigogo nyuma ya magurudumu ya nyuma, tukanyanyua mbele kwa jeki, halafu tukaingiza magogo chini ya ekseli. Hili nasisitiza kwa yeyote atakayejaribu: jeki ni ya kunyanyulia, sio ya kulalia chini yake. Tangu Jumatano nilikuwa kila jioni napuliza dawa ya kulegeza kutu kwenye kila nati. Vipande vya tairodi ya zamani nilivipanga juu ya ubao, nikapima kutoka katikati ya boljointi moja mpaka katikati ya nyingine, nikaandika. Kipimo hicho ukikipoteza utaisaka siku nzima.

Shida ikaanza kwenye spana. Seti ya mume wangu yote ilikuwa ya milimita, aliinunua kwa ajili ya Toyota yetu. Trekta la zamani la Marekani linajua inchi tu. Nati ya boljointi ilitaka spana ya 9/16. Namba 14 haiingii, imekosa unywele tu. Namba 15 inaingia, lakini inapwaya.

"Usitumie hiyo," nikasema.

"Inashika."

"Haishiki, inadanganya."

Maneno yalitoka hivyo tu, sikuyapanga. Akavuta kwa nguvu, kwa hasira nadhani, na spana ikazunguka. Kona zote sita za nati zikawa duara kama pipi. Akaitupa spana kwenye nyasi.

Nikasubiri. Baba alikuwa na utaratibu wake, fundi akitupa spana gerejini humsemeshi mpaka aiokote mwenyewe. Baada ya muda akaiokota. Akaenda kwa jirani, mzee wa Kizungu wa nyumba ya pili, akarudi na spana za inchi na tindo.

Ile nati ilituchukua dakika arobaini. Mimi nimeshika tindo, yeye anapiga nyundo, kwa hiyo vidole vyangu vilikuwa mikononi mwake, naye alikuwa anajua. Kila pigo anasema "tayari?" nasema "tayari". Katikati ya tayari hizo ndipo akaanza kuongea, bila kunitazama.

Alisema siku ile ya tarehe nne alikuja nyumbani na nia ya kuniambia. Akanikuta naongea na baba kwenye simu. Akakumbuka siku ya mahari. Mzee alimuuliza mbele ya ukoo, "Utamlisha nini binti yangu?" naye akajibu, "Nina kazi, mzee." Watu wakacheka, wakapiga makofi, na mimi nilikuwa chumba cha pili nimejificha na shangazi zangu, nacheka pia. Akasema, "Nilijiambia nitapata nyingine kabla ya wiki kuisha, halafu nitakwambia zote mbili pamoja. Wiki ikaisha. Nikasema ya pili. Ikafika mahali hata nikitaka kusema, nitaanzia wapi?"

"Tayari," nikasema. Akapiga. Nati ikapasuka.

Kingpini ya kulia ilikuwa kazi nyingine. Tuliigonga kutoka chini, kipande cha mti katikati ili nyundo isiharibu chuma. Ilipotoka, grisi iliyokuwa ndani imekuwa ngumu kama gundi ya viatu. Tukaiosha kwa mafuta ya taa, tukaipiga brashi ya waya na msasa mpaka ikang'aa. Halafu nikaona chanzo chenyewe. Kile kichuchu kidogo cha kuingizia grisi kilikuwa kimezibwa na rangi. Yule yule aliyechomelea akapaka rangi ipendeze, akapaka mpaka mdomo wa grisi. Kuanzia siku ile kila aliyejaribu kulitia grisi gurudumu lile alikuwa anapaka nje tu.

Kichuchu kipya kinauzwa senti kadhaa. Tulikuwa nacho, kilikuja na spea.

Simu ya pili

Tulipofika kurudisha kingpini, Moshi ilishakuwa saa 2 usiku. Nikampigia baba kuuliza kama kuna upande wa juu na wa chini. Akajibu. Halafu kabla sijakata, Baba Junior akaomba simu.

"Mzee, kuna jambo nataka nikwambie. Nimepunguzwa kazini. Ni mwezi na nusu sasa. Mke wangu nilimficha."

Niliacha kupumua. Mimi sikumwambia baba, nilikuwa nimeamua simwambii mpaka nijue naamua nini. Kwenye simu nikaona paji la uso la mzee tu, maana hajui kushika kamera. Mbwa wa jirani analia huko.

"Haya," mzee akasema. Kimya tena. "Sasa hiyo kingpini inazunguka kwa vidole viwili, au bado inakaza?"

"Inazunguka, mzee."

"Kwa vidole viwili?"

"Viwili."

"Haya. Jaza grisi mpaka ile mpya itoke pembeni. Usione uchoyo wa grisi. Nipe binti yangu."

Nikachukua simu. Akaniuliza kama Junior anakula vizuri, akasema usiku mwema.

Kilichobaki ni kunyoosha magurudumu, na hapa wengi ndipo wanapoharibu. Tairodi ikishafungwa, unapima umbali kati ya magurudumu mawili kwa mbele, halafu unapima kwa nyuma yake, kimo kile kile. Mbele panatakiwa pawe pembamba kidogo kuliko nyuma, kwenye letu milimita kama 3. Magurudumu yanatazamana kidogo sana, trekta linakwenda limenyooka. Yakiachana linatangatanga, na tairi zinalika upande.

Yeye alishika futi upande mmoja, mimi mwingine. Kipimo cha kwanza mbele palizidi nyuma. Tukachomoa ncha moja, tukazungusha boljointi mzunguko mmoja, tukarudisha, tukapima. Pamezidi zaidi, tumezungusha kwa kinyume! Tukachomoa tena. Ule mzunguko mmoja unabadilisha kama milimita 4 kule kwenye magurudumu, kwa hiyo ni kazi ya kusogea kidogo kidogo. Mara ya nne ikakaa. Tukakaza nati za kufungia, tukapitisha spiliti pini mpya na kukunja miguu yake. Za zamani msizirudishe hata zikionekana nzima. Chuma kilichokunjwa na kukunjuliwa hakina dhamana.

Tukateremsha. Nikamwambia apande, visu vizimwe, gia ya kwanza, sehemu ya tambarare. Akasema, "Panda wewe."

Sijawahi kuliendesha. Nikapanda, nikawasha, nikaenda mpaka kwenye mti, nikazungusha usukani. Magurudumu yote mawili yakageuka kwa pamoja. Niliukwepa mstari wa pili wa sukuma wiki kwa kama futi moja, nikarudi. Alikuwa amesimama na rula mkononi, nadhani amesahau kama ameishika.

Tulikata nyasi mpaka giza likaingia, kwa zamu. Barua ya mji ilitupa siku saba, tulimaliza na nne mkononi.

Nilirudi chumbani kwetu Jumanne, sio Jumamosi ile. Tulikaa mezani na daftari, tukaandika kila senti, tukafuta baadhi ya vitu, gari moja tukaliuza Juni. Kazi aliipata Septemba, mshahara mdogo kuliko wa mwanzo, na siku alipopewa barua alinipigia akiwa bado kwenye lifti ya jengo lao. Na bado kuna asubuhi nikimwona anatoka na laptop moyo unaruka. Nimemwambia hivyo. Siku nyingine ananitumia picha ya meza yake ya kazini bila mimi kuuliza, siku nyingine anasahau, nami namwacha.

Baba tulimpigia pamoja kumpa habari za kazi. Alimshukuru Mungu, akampongeza mkwe wake, akauliza ni kampuni ya nini. Halafu akauliza mara ya mwisho kulitia trekta grisi ilikuwa lini. Tukatazamana. Ilikuwa Mei.

"Kata simu," mzee akasema. "Nendeni nje sasa hivi."